Shuka Juu ya Kioo

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe kumi na nne Aprili, ukuta wa sebule ya nyumba namba 1412 ulikuwa na mstatili uliokuwa mweupe kuliko ukuta uliobaki. Upana sentimita sitini, urefu tisini. Juu yake palibaki msumari mmoja.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza Imogene Prater.

"Kioo," alisema Renita Tarpley. "Kilikuwa cha bibi yake bibi yangu. Bibi Verdell, binamu yake, alikiomba siku ya pili baada ya mazishi, nikampa. Sikuwa na moyo wa kugombania kioo."

Prater aliandika vipimo kwenye daftari. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, kitengo cha hati za nyumba, na kwa miaka kumi na moja alikuwa na desturi ya kupima kitu kwanza, kisha kuuliza kama kina maana.

Mambo yaliyokuwa na uhakika yalikuwa machache. Nyumba ilikuwa ya Ozella Tarpley, bibi yake Renita, aliyefariki tarehe sita Machi akiwa na miaka tisini na mmoja. Tarehe hiyo hiyo, kwa mujibu wa hati iliyosajiliwa mahakamani, Ozella aliihamishia nyumba kwa kampuni ya ujenzi. Ijumaa iliyopita jaji alilikataa pingamizi la Renita: sahihi ipo, mthibitishaji wa sahihi yupo, kitambulisho kilikaguliwa. Kibali cha kubomoa kingeanza kazi kesho saa moja asubuhi. Masjala ya mahakama ingefungwa leo saa kumi na moja jioni.

"Wakija watanikuta kibarazani nakunywa kahawa yangu," alisema Renita. "Wanibomoe pamoja na kiti."

"Watamwita polisi akuondoe."

"Si ndiwe huyo?"

"Mimi siyo wa kuondoa watu."

"Basi angalau mmoja wenu hana kazi kesho."

Nje, kivuli cha jengo la benki kilikuwa bado kimelala juu ya kibaraza. Kila asubuhi kilifika mtaa huo wa Kata ya Nne kabla ya jua lenyewe, kikavuka barabara ya matofali, kikarudi taratibu kuelekea katikati ya jiji. Upande wa kushoto wa nyumba palikuwa na ghorofa mpya tatu zilizobanana. Upande wa kulia palikuwa na kiwanja kitupu na ngazi nne za saruji zisizoelekea popote.

Prater alitoa picha kwenye bahasha, akaiweka mezani.

"Mawakili wa kampuni waliiwasilisha jana. Mthibitishaji huwapiga picha wateja wake wakati wa kutia sahihi. Ni nani huyu?"

Renita aliitazama kwa muda. Mwanamke mzee mwembamba alikuwa ameketi kwenye meza ile ile, ameinamisha kichwa, kalamu mkononi. Kofia ya zambarau yenye ukingo mpana ilificha nusu ya uso. Nyuma yake ulionekana ukuta, saa ya mbao, na ukingo wa kitambaa cheupe.

"Ni bibi," alisema Renita. Sauti ilishuka. "Kofia yake ya Pasaka. Bibi! Kwa hiyo kweli alitia sahihi."

"Una hakika?"

"Pua ya akina Tarpley hiyo. Ukipotea kwenye umati wanakutafuta kwa pua."

"Saa ya ukutani inasoma ngapi?"

Renita aliisogeza picha karibu. "Kumi na moja na dakika ishirini."

"Hati inasema alitia sahihi saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Saa hiyo ilikuwa mbovu?"

"Mbovu? Bibi alikuwa anaitia ufunguo kila Jumapili akitoka kanisani, hata kofia hajaivua. Miaka yote. Ile saa ilikuwa inaenda vizuri kuliko basi la mjini."

Saa ilikuwa bado ukutani. Mishale ilikuwa imesimama kwenye kumi na moja na dakika ishirini. Prater alifungua mlango wake mdogo wa kioo: ufunguo ulikuwa ndani, na alipouzungusha kidogo aliukuta mkazo. Saa haikuishiwa nguvu. Kipembea kilikuwa kimesimamishwa kwa mkono.

Aliandika: *Ama picha haikupigwa saa nne, ama saa ilisimamishwa kabla.* Akachukua njia ya kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi kuipima.

*

Ofisi ya Warren Pilcher, yule mthibitishaji, ilikuwa kwenye ghorofa ya kumi na nne, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka nyumba ya Ozella. Kutoka dirishani mwake mapaa ya Kata ya Nne yalionekana, yaliyobaki. Pilcher alikuwa mwanamume wa miaka hamsini aliyeishi maili thelathini nje ya jiji na kuthibitisha sahihi za watu katika majumba yao.

"Picha hii umeipiga lini?" aliuliza Prater.

"Tarehe sita Machi. Saa nne na robo hivi."

"Saa ya ukutani inasema kumi na moja na dakika ishirini."

"Saa za wazee, mama. Nusu ya nyumba ninazoingia saa imekufa tangu enzi za marais waliokwisha kuzikwa."

"Iliyokufa ni hiyo tu? Hukuja kumi na moja jioni, baada ya kusikia mwenye nyumba amefariki, ukamkalisha mtu mwingine?"

Pilcher alivua miwani. "Chukua simu yangu. Mpe fundi wako. Nina leseni miaka kumi na tisa, sina doa hata moja."

Fundi wa ofisi ya kaunti alikuwa kwenye gari chini. Alipanda, akaunganisha simu kwenye mashine yake, na baada ya dakika ishirini na tano akatoa jibu. Picha ilikuwa halisi, ilipigwa tarehe sita Machi saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, mahali ilipo nyumba namba 1412, kwa tofauti ya mita chache. Haikuguswa.

Njia ya kwanza ilikuwa imefungwa. Prater aliikata kwa mstari mmoja kwenye daftari.

"Nani aliomba miadi?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Alipiga Jumatano."

Namba iliyopiga haikuwa ya Ozella. Prater aliilinganisha na orodha yake: ilikuwa ya Verdell Scruggs, binamu yake Ozella, umri miaka themanini na sita. Hilo halikuthibitisha kitu. Renita alikwisha kumwambia kwamba wazee hao wawili walilelewa kitanda kimoja, na Ozella alitumia simu ya binamu yake kila alipoisahau yake.

"Nani alikufungulia mlango?"

"Yeye. Bi Tarpley. Amevaa kofia kichwani. Nilimwambia 'Umependeza,' hakujibu."

"Palikuwa na mtu mwingine ndani?"

"Niliuliza. Huwa nauliza, nisije nikakuta mjukuu anamshinikiza mzee. Akasema, 'Dada yangu amelala.' Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa."

Prater aliacha kuandika. "Rudia."

"'Dada yangu amelala.' Ndivyo alivyosema. Tukazungumza chini chini tusimwamshe."

"Na hiki kitambaa nyuma yake?"

"Shuka. Ilikuwa imetundikwa juu ya fremu. Nilidhani wanapaka rangi ukuta."

"Ulisikia harufu ya rangi?"

Pilcher alifikiri. "Hapana. Kahawa tu."

Prater aliigeuza picha kuelekea mwanga. Tangu jana jioni alikuwa ameiangalia mara nane. Shuka alikuwa ameiona mara zote nane, na mara zote nane haikumshangaza, kwa sababu jalada lilikuwa la mwanamke aliyekufa, na katika nyumba ya mwanamke aliyekufa kioo hufunikwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama yake mwenyewe, mitaa mitatu kutoka pale. Lakini picha haikupigwa katika nyumba ya mwanamke aliyekufa. Kwa mujibu wa hati, ilipigwa akiwa hai, kalamu mkononi.

Alishuka kwa lifti na kumpigia Renita akiwa kando ya barabara.

"Ulipofika msibani kutoka kwako Dallas, kioo kilikuwaje?"

"Kimefunikwa. Ulitaka kiweje? Mtu akifia ndani unafunika, mpaka azikwe. Asije akajiona akakwama humu. Na saa unaisimamisha. Mtu asiyejua hilo hakulelewa."

"Kabla ya bibi yako, nani alifariki ndani ya nyumba hiyo mara ya mwisho?"

"Babu. Mwaka tisini na nane." Renita akaongeza polepole, "Subiri. Kwenye picha, ukutani..."

"Usimpigie mtu yeyote," alisema Prater. "Kaa hapo kibarazani."

*

Saa sita na dakika tano mchana alimpata muuguzi aliyemtembelea Ozella kila wiki kwa ajili ya moyo wake. Jina lake lilikuwa Corliss Eddington, na alisoma kutoka kwenye kumbukumbu zake, hakutegemea kichwa. Verdell Scruggs alipiga simu saa saba na dakika tano mchana tarehe sita Machi. Muuguzi alifika saa saba na dakika arobaini, akathibitisha kifo.

"Mwili ulikuwaje?"

"Umekakamaa. Shingo, mikono, hadi miguu. Nilimuuliza Bi Verdell amemwona lini mara ya mwisho akiwa hai, akasema, 'Asubuhi.' Sikumuuliza asubuhi gani. Mgonjwa wa miaka tisini na mmoja, moyo mbovu, daktari alikuwa anatarajia. Hakuna aliyetaka uchunguzi."

"Kioo cha sebuleni?"

"Kilikuwa kimefunikwa. Nilipoingia tu."

Daktari wa kaunti, kwa simu, alikuwa mwangalifu. Mwili kukakamaa wote kwa kawaida huchukua masaa manane hadi kumi na mawili. Mzee mwembamba katika chumba chenye joto, huenda chini ya hapo. "Nikiapishwa, nitasema inaelekea alikufa kabla ya saa nne asubuhi. Sitasema ni lazima."

Prater alimpigia wakili wa serikali. Akamweleza shuka, saa, muuguzi na daktari.

"Inaelekea," alirudia wakili. "Jaji wa Ijumaa anaishi kitongoji cha mabwawa ya kuogelea, Imogene. Nikimpelekea shuka atanipa sabuni. Niletee mtu aliyekuwa ndani ya chumba. Kabla ya saa kumi na moja."

*

Verdell Scruggs aliishi ghorofa ya tatu katika jengo la wazee, mitaa miwili kutoka namba 1412. Lifti ilikuwa na karatasi ya *Haifanyi kazi* iliyopauka kwa kukaa. Saa tisa na dakika ishirini alasiri Prater alibisha hodi, naye fundi akabaki kwenye korido na kinasa sauti.

"Ingia, ingia. Mlango hauli mtu." Verdell alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, pua ndefu. Aliutazama uso wa Prater, kisha viatu. "Mtoto wa kike na viatu vya askari jeshi. Watu wako akina nani?"

"Akina Prater. Wa nyuma ya kanisa la Mlima Horebu."

"Prater yupi? Yule fundi viatu au yule mlevi?"

"Fundi viatu ni babu yangu. Mlevi ni mdogo wake babu."

"Basi umetoka vizuri, ukizingatia." Verdell alisukuma sahani. "Kula pai ya viazi vitamu. Nimeipika jana, siyo ile ya dukani inayonata kama gundi."

"Asante, mama. Baadaye." Prater aliketi. "Kabla hatujazungumza, nina wajibu wa kukusomea haki zako." Alizisoma zote, polepole: haki ya kunyamaza, haki ya wakili, na kwamba lolote atakalosema litatumika. Verdell alisikiliza akiwa amekunja mikono mapajani, kama anayesikiliza matangazo ya kanisani.

"Nimeelewa. Mimi siyo kiziwi."

"Unataka wakili?"

"Nataka nijue unachotaka."

Kwenye kona, kati ya kabati na dirisha, kitu bapa kilikuwa kimeegemezwa, uso wake ukielekea ukutani. Kilikuwa kimefungwa kwa shuka nyeupe. Prater alikikadiria kwa macho: sitini kwa tisini.

"Kile ni kioo cha nyumbani?"

"Cha bibi yangu mimi na Ozella. Tulisukiana nywele mbele yake."

"Ozella alizikwa tarehe kumi na nne Machi. Leo ni mwezi mzima. Kwa nini bado kimefunikwa?"

Verdell aliisogeza sahani ya pai kando.

Prater aliweka picha mezani. "Mthibitishaji aliuliza kama kuna mtu ndani. Aliambiwa, 'Dada yangu amelala.' Ozella hakuwa na dada. Wewe ulikuwa naye mmoja: maisha yenu yote wewe na Ozella mliitana dada. Nyuma ya mwanamke huyu kioo kimefunikwa, na saa imesimamishwa. Aliyefanya hivyo alijua kuna maiti ndani. Watu wa kampuni hawajui kufunika kioo. Mthibitishaji alidhani ni rangi. Katika watu wote walioigusa karatasi hii, ni mmoja tu aliyelelewa kufanya hivi."

"Kofia imenificha," alisema Verdell. "Nilidhani kofia itatosha."

"Ilitosha. Mjukuu wake mwenyewe alisema ni bibi yake."

Verdell alichukua picha, akaishika mbali na macho.

"Nilifika alfajiri na kahawa. Miadi ile niliiomba mimi, nilitaka nimshawishi kabla mzungu hajafika. Nikamkuta anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Nikamshika mkono. Kumi na moja na dakika ishirini, akaacha." Aliirudisha picha. "Nikaisimamisha saa. Nikatafuta shuka safi. Mikono ilifanya yenyewe, mwanangu, sikuiagiza. Nikakaa tu. Nikakaa mpaka nikasikia hodi, nikavaa kofia yake."

"Kwa nini hukumwambia mthibitishaji kwamba mwenye nyumba amefariki?"

"Mwenye nyumba!" Sauti ilipanda kwa mara ya kwanza. "Baba yangu na baba yake waliijenga wawili. Nimezaliwa kwenye kile chumba. Karatasi ikaandikwa jina la mmoja kwa sababu mmoja ndiye aliyekuwa mjini siku ile. Miaka themanini na sita nagonga mlango wa nyumba niliyozaliwa." Alionyesha mlango wake kwa kidevu. "Ngazi arobaini na nne hizo. Nimezihesabu kwa magoti. Kijana mmoja wa kampuni aliniambia nyumba wataiinua nzima nzima, waiweke karibu na maktaba watoto waione, na mimi nipate chumba cha chini kwenye jengo jipya. Hapo hapo. Juu ya udongo ule ule."

"Aliandika hivyo popote?"

"Alinipa mkono."

Prater alitoa nakala ya kibali, akaiweka mbele yake na kuweka kidole kwenye mstari wa sita. Verdell alivaa miwani. Alisoma mara mbili, midomo ikisogea.

"Kubomoa," alisema.

"Kesho saa moja asubuhi. Hakuna kuinua. Niliangalia mpango wao wa jengo: chini ni maegesho ya magari. Renita yupo ndani ya nyumba sasa hivi. Amelala humo siku nne."

"Yule mtoto ana kichwa kigumu kama bibi yake." Verdell alivua miwani. "Nikisema haya, nafungwa?"

"Kuna mashtaka. Siwezi kukuahidi kitu, na ukitaka wakili tunaishia hapa."

"Wakili atachukua muda gani?"

"Hatafika kabla ya kesho."

Verdell aliikunja miwani, akaiweka juu ya kibali. Chini, basi lilipita.

"Andika," alisema Verdell. "Andika vizuri, usinipambe."

Maelezo yalijaza kurasa tatu. Prater alimsomea yote; Verdell alisahihisha mahali pawili: kahawa ilikuwa na maziwa, na shuka ilikuwa ya Ozella, siyo yake. Saa kumi na dakika kumi na mbili alitia sahihi kila ukurasa jina lake mwenyewe, herufi kubwa. Fundi aliyapiga picha, akayatuma.

Walisubiri. Prater alikula pai.

Saa kumi na dakika hamsini na moja karani wa masjala alipiga simu. Jaji alikuwa amesoma na kusimamisha ubomoaji mpaka kesi isikilizwe. Amri ilikuwa imegongwa muhuri, na nakala ilikuwa imepokelewa na kampuni. Prater alimpigia Renita, akamwambia maneno hayo hayo, hakuongeza. Upande wa pili alisikia kiti kikisogezwa kwenye mbao za kibaraza, kisha mtu akilia.

"Analia?" aliuliza Verdell.

"Ndiyo."

"Ameniulizia?"

"Bado." Prater alikata simu na kutoa mfuko wa vielelezo. "Shuka naichukua. Ina pindo lile lile la kwenye picha. Unaweza kuiondoa mwenyewe, au niiondoe mimi."

Verdell alisimama kwa kushikilia meza. Alikigeuza kioo kutoka ukutani, akafungua mafundo mawili nyuma, akaivuta shuka mpaka ikatoka yote. Aliikunja katikati, kisha tena, akaisawazisha kwa kiganja, akamkabidhi Prater. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na nne. Kioo kilikuwa wazi nyuma yake. Hakugeuka kukitazama.